Daraja la Wi-Fi linapokatika kwa dakika moja kisha kurudi

Ikiwa daraja la Wi-Fi linalounganisha majengo mawili hukatika ghafla kwa takriban dakika moja kisha likarudi lenyewe, usikimbilie kupanda paani kugeuza antena, kwani huenda kifaa kimehisi rada. Katika masafa ya gigahezi 5, chaneli 52 hadi 144 hutumiwa pia na rada, hivyo kifaa hulazimika kuhama mara moja, na kikiangukia nyingine ya kundi hilohilo, huisikiliza kwa angalau sekunde 60 kabla ya kurusha. Linganisha saa za mkatiko na kumbukumbu za kifaa. Zikiafikiana, hamia chaneli 149, mradi kanuni za nchi yako zinairuhusu. Mkatiko unaokuja na mvua ni jambo jingine: chomoa kebo ya nje utazame kama pini zake zimeota kutu ya kijani.