Somo: Kuchora Katuni ya Kurasa Nane Kutokana na Ndoto na Imani za Haiti

Somo hili ni la wachoraji wanaotaka kutunga katuni za maajabu kwa kuchota katika Vodou, dini iliyozaliwa miongoni mwa Waafrika waliouzwa utumwani katika koloni la Kifaransa la Saint-Domingue, nchi ambayo tangu 1804 inaitwa Haiti. Wengi wao walitoka Afrika Magharibi na Kongo, lakini walikuwamo pia walioitwa Mozambique, waliovushwa kutoka upande wetu wa Bahari ya Hindi. Nimeichagua dini hii kwa sababu ndani yake ndoto ni mlango: roho, zinazoitwa lwa, humjia mtu usingizini zikimwonya, zikimdai au zikimfundisha. Mchoraji Hector Hyppolite (1894–1948), aliyekuwa pia kuhani wa Vodou, alichora roho hizo kama mtu anayewachora jamaa zake.

Hatua ya kwanza: andika ndoto kabla ya kushika penseli. Eleza ulichokiona na ulichokisikia, wala usikifasiri. Mfano wangu ni huu: mlango umesimama peke yake baharini, maji yamenifika magotini, na sauti ya bibi inaniita kutoka chini.

Hatua ya pili, ambayo ndiyo moyo wa kazi: jifunze sheria za ulimwengu unaoingia. Wachoraji wengi huchukua sura ya roho na kuiacha sheria yake, wakabaki na mtu mwenye nguvu za ajabu ambaye angeweza kutoka popote. Katika Vodou, ibada haianzi kabla ya kumsalimu Legba, mzee mwenye mkongojo anayelinda lango kati ya watu na roho. Bahari ni milki ya Agwe, na mkewe Lasirèn, mwenye kioo na chanuo, huweza kumchukua mtu chini ya maji na kumrudisha akiwa na elimu ya uganga. Huko chini ndiko roho za wafu hukaa kwa mwaka mmoja na siku moja, kisha jamaa huziita kwa ibada na kuzipa makao katika mitungi iitwayo govi. Ibada hiyo ina gharama, na familia maskini huweza kuichelewesha kwa miaka. Sasa irudie ndoto yangu: bibi anaita kwa sababu muda wake umepita na hakuna aliyekwenda kumtoa. Hadithi imepatikana, na sikulazimika kubuni adui yeyote.

Hatua ya tatu: gawa kurasa kwa kufuata sheria hizo. Ukurasa wa 1 ni wa Legba, kwa kuwa hakuna apitaye bila ruhusa yake. Kurasa za 2 na 3 zionyeshe nyumba na deni. Ukikunja karatasi mbili kuwa kijitabu, kurasa za 4 na 5 hukabiliana katikati. Zitoe kwa bahari, uondoe mistari ya fremu, na mkia wa kila puto la maneno uuchore kama viputo vya hewa vinavyopanda. Mistari irudi katika ukurasa wa 6, mhusika anapoibuka. Ukurasa wa 8 unatosha kuwa na mtungi tu.

Hatua ya nne: chora vèvè kwa adabu. Hii ni alama inayochorwa sakafuni kwa unga wa mahindi unaomiminwa kati ya kidole gumba na cha shahada, na kila lwa ana yake. Ya Agwe ni mashua. Kazi yake ni kumwita roho, kwa hiyo iweke pale tu mhusika anapoita. Mimina unga kwenye karatasi nyeusi uone mstari unavyonenepa na kukonda, kisha uige kwa nukta za wino.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Je, naweza kumchora Lasirèn kama nguva wa Pwani?
Jibu: Marahaba. Usiwaunganishe, kwa maana kila mmoja ana watu wanaomsimulia. Unaweza kuwakutanisha: mtumwa aliyetoka pwani yetu anamwona Lasirèn kwa mara ya kwanza na kumwita kwa jina alilolijua nyumbani. Kosa hilo la jina lina uchungu wa kutosha kubeba ukurasa mzima.

Swali: Je, mizuka na wanasesere wa sindano wanafaa?
Jibu: Wanasesere hao waache, wameenezwa na filamu. Ama zonbi wa Haiti, huyo ni mtu aliyeporwa utashi ili afanyishwe kazi bila kikomo, hofu inayoeleweka kwa watu waliotoka utumwani. Mchore kama mwathirika. Kumbuka kwamba unachora dini ya watu walio hai, ambayo serikali ya Haiti iliitambua rasmi mwaka 2003.

Swali: Mwalimu, mimi husahau ndoto zangu zote. Nifanyeje?
Jibu: Ukiamka, usigeuke wala usifumbue macho upesi, shika kitu kimoja tu ulichokiona, hata kikiwa rangi, ukiandike. Vilevile waombe wazee wa nyumbani wakusimulie ndoto zao, na kabla ya kuchora uwaulize kama wanaridhia.