Namna ninavyochagua waini isiyo na kilevi dukani

Mume wangu ana kisukari, na mwaka 2019 daktari alimwambia aache pombe kabisa. Krismasi ya mwaka ule nilipanda Miyomboni, hapa Iringa mjini, nikaingia duka moja kubwa, nikarudi nyumbani Kihesa na chupa tatu zenye kizibo cha kuruka na karatasi ya dhahabu shingoni. Mbele ziliandikwa kwamba hazina kilevi, na kweli hazikuwa nacho. Alikunywa glasi tatu, amefurahi kukaa tena mezani na kaka zake akiwa na glasi mkononi kama wao. Asubuhi kipimo cha sukari kikatuonyesha namba iliyotutisha wote wawili. Nilikuwa nimesoma mbele ya chupa tu, nyuma sikugusa.

Tangu siku hiyo sinunui chupa kabla ya kuigeuza. Nawaandikia wenye mtu nyumbani kama wangu, au wanaoandaa sendoff na hawataki mgeni yeyote abaki na glasi ya maji.

Kwanza ujue unanunua nini, maana rafu moja hubeba vitu viwili tofauti. Sisi wa Iringa tunalielewa hili kupitia ulanzi, pombe yetu ya mwanzi. Ukishushwa tu kwenye mwanzi ni mtogwa, mtamu. Ukikaa, hamira inakula ule utamu na kuugeuza kilevi, unakuwa mkangafu. Zabibu nazo ndivyo zilivyo. Chupa zangu za Krismasi zilikuwa mtogwa wa zabibu: juisi iliyopashwa moto ili isichache, kisha ikatiwa gesi. Waini isiyo na kilevi hasa ni mkangafu wa zabibu. Imeshachacha, sukari yake nyingi imeshaliwa, halafu kilevi kikatolewa.

Kinatolewaje? Kilevi huchemka kwenye nyuzi 78, na waini ikipashwa moto kiasi hicho inapikika na kuharibika. Kwa hiyo viwanda vingi hupunguza hewa ndani ya mtungi, kilevi kikaondoka kwenye joto la nyuzi 30 hivi. Aliyechemsha maharage hapa mjini ameshaiona kanuni hiyo jikoni kwake. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100, ndiyo maana sufuria yetu inakawia kuliko ya Dar es Salaam. Viwanda vingine huchuja kilevi kwa utando wenye matundu madogo mno. Kwa njia yoyote ile, kilevi kikitoka huondoka na sehemu ya harufu na ule uzito wa kinywaji mdomoni, na wengi huuziba upungufu huo kwa kurudisha maji mazito ya zabibu. Utamu unarudi kwa mlango wa nyuma.

Basi geuza chupa. Tafuta jedwali la virutubisho, mstari wa sukari kwa mililita 100. Juisi ya zabibu mara nyingi ina gramu 15 au 16, zaidi ya soda. Piga hesabu: chupa ya mililita 750 yenye gramu 16 ina gramu 120 za sukari, yaani vijiko vya chai 30. Waini iliyotolewa kilevi mara nyingi huwa chini sana ya hapo. Mimi kwa mume wangu sivuki gramu 4, na glasi ni moja, pamoja na chakula. Chupa isiyo na jedwali nairudisha rafuni.

Kisha angalia asilimia ya kilevi. Maneno “de-alcoholised” (kilevi kimetolewa) au “alkoholfrei” (bila kilevi, kwa Kijerumani) kwa kawaida yanaruhusu hadi 0.5. Glasi 24 za namna hiyo ndizo zinazobeba kilevi cha glasi moja ya waini ya asilimia 12, kwa hiyo hakuna atakayelewa, lakini si sifuri. Kwa mjamzito nachukua 0.0 au juisi. Ukiona “low alcohol”, acha, hicho ni kilevi kilichopunguzwa tu. Na uwe macho na divai tamu za Dodoma: nyingi zina kilevi cha kutosha, na dukani hupangwa bega kwa bega na juisi ya zabibu za hukohuko Dodoma.

Majirani zangu Waislamu waliniambia wazi kwamba kilichowahi kuwa pombe hawakigusi, hata kikiandikwa 0.0. Nawaheshimu, nawawekea juisi ambayo haikuchacha kamwe, na chupa naiacha mezani waisome wenyewe. Juisi ya zabibu ya chupa ina heshima yake: mwaka 1869 huko New Jersey, Marekani, daktari wa meno Mmethodisti, Thomas Welch, alipasha moto maji ya zabibu yasichache ili meza ya Bwana ipate kikombe kisicho na kilevi. Aliyepigana kuacha pombe naye muulize kwanza, faraghani. Wapo ambao harufu ya waini peke yake inawavuta kurudi kule walikotoka.

Viungo huandikwa kuanzia kilicho kingi. Kikianza maji, sukari, ladha na rangi, hiyo ni soda iliyovaa suti. Alama E220 ni dioksidi ya salfa, ya kuhifadhi kinywaji, mwenye pumu aichukulie kwa tahadhari.

Kuhusu ladha, nina msimamo. Kama ndiyo mara yako ya kwanza, anza na yenye gesi au nyeupe ya zabibu zenye harufu kali, Muscat au Riesling. Mapovu na harufu hufidia ule uzito uliopotea. Nyekundu ndiyo ngumu kupatia. Kilevi kikiondoka unabaki ukakasi kama wa ndizi mbichi, au utamu umemwagwa kuuficha. Mume wangu anapenda nyekundu kwa nyama choma, kwa hiyo nimejaribu nyingi, na nzuri nimezipata chache. Rozi, ile waini ya rangi ya waridi, ni salama zaidi ukikosa nyeupe.

Usichukue chupa ya dirishani inayopigwa jua, hata kama ndiyo imepambwa. Ingiza mkono nyuma ya rafu. Soma tarehe ya mwisho pia, kwa sababu bila kilevi hakuna cha kuilinda, na kuiweka kabatini miaka haiifanyi iwe nzuri zaidi. Nunua ya kunywa mwezi huu.

Ipoze vizuri. Mwezi wa saba kwetu friji haina kazi: iache nje ya dirisha la jikoni usiku kucha, asubuhi iko tayari. Ikishafunguliwa, funga na uiweke kwenye baridi, uimalize ndani ya siku tatu. Ya siku ya nne mimi naimimina kwenye sufuria ya nyama ya ng'ombe, vitunguu vikishakuwa vya kahawia, naiacha ichemke taratibu mpaka mchuzi ushike.