Nyasi hai au za plastiki uani Maskati: tazama jua kwanza

Watu wengi wa Maskati na pwani ya Batinah huanza na bei ya mita moja ya mraba. Anza na kivuli. Ukoka hutaka jua kwa muda wa saa sita hivi kila siku, ukilikosa hukonda na kufa. Plastiki ni kinyume chake: juani huchoma, kivulini haina neno. Basi siku moja chora ramani ya ua wako: saa tatu asubuhi, saa saba mchana na saa kumi jioni, weka alama pale kivuli kinapofika.

Usimwamini muuzaji anayesema zulia lake "halipati moto". Omba kipande cha sentimita 30 kwa 30, kiweke juani tangu asubuhi, kisha saa saba mchana kiguse kwa kiganja. Hewa ikiwa nyuzi 40, plastiki juani hufika 65 hadi 80. Nyasi hai pembeni yake haziendi mbali na joto la hewa, kwa sababu zinatoa maji na kujipoza. Kwenye plastiki yenye joto hilo ngozi huweza kuungua, hasa ya mtoto pekupeku. Kumwagia maji kunasaidia, lakini dakika 20 baadaye joto limerudi karibu pale lilipokuwa. Kama watoto hucheza baada ya magharibi tu, hoja hii inapungua uzito.

Jambo jingine ambalo hugunduliwa zulia likishaharibika ni vioo. Madirisha ya kuzuia joto hurudisha mwanga kama kioo cha kukuzia, na mahali unapoangukia nyuzi za plastiki huyeyuka na kulala kwa mistari. Ukiona kidoa cha mwanga mkali kinatembea uani, usitandike hapo, au weka wavu nje ya dirisha.

Sasa maji. Kiangazi ukoka hula kama milimita 6 hadi 7 kwa siku, na milimita moja ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Ongeza kiasi kinachopotea hewani na kile cha kusukuma chumvi chini ya mizizi, hesabu lita 9. Ua wa mita za mraba 50 utataka lita 450 kwa siku, karibu 13,500 kwa mwezi. Kama huna uwezo wa kulipia hayo kuanzia Mei hadi Septemba, punguza eneo. Mita 20 zilizoshiba maji ni bora kuliko 50 za rangi ya makuti.

Ukitegemea kisima, pima chumvi kabla ya kununua chochote. Batinah maji ya bahari yamepenya kwenye visima vingi vilivyo karibu na ufuo. Kipimo kikiwa chini ya 3 dS/m (kipimo cha chumvi kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme), ukoka wa kawaida unatosha. Kikizidi, tafuta paspalamu, aina ya nyasi ambayo huvumilia chumvi zaidi sana. Dalili ya chumvi ni ncha kuungua wakati udongo bado una unyevu. Wengi hudhani ni kiu.

Panda Februari hadi Aprili, juu ya sentimita 15 hadi 20 za mchanga usio na chumvi uliochanganywa na mboji. Mwagilia kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri. Ukimwagilia jioni, kwa unyevu wa hewa ya Maskati majani hukesha yamelowa na ukungu huingia. Kata kwa urefu wa milimita 25 hadi 40, usiondoe zaidi ya theluthi kwa mkato mmoja.

Kwa plastiki, kazi yote iko chini ya zulia. Chimba sentimita 10, jaza kokoto zilizosagwa, lowesha, shindilia kwa mashine tabaka kwa tabaka, na acha mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita ukielekea mbali na nyumba. Mvua hapa ni chache lakini hushuka kwa mkupuo, na msingi usioshindiliwa hubonyea siku hiyohiyo. Kunjua zulia lilale juani kwa muda wa saa moja au mbili kabla ya kulikata, la sivyo litatanuka na kufanya mawimbi. Nyuzi za vipande vyote ziangalie upande mmoja. Ukikosea, mshono utaonekana hata barabarani. Gundi ipakwe asubuhi mapema, kwa kuwa mchana hukauka kabla hujabana. Misumari ya sentimita 15 ipigwe pembezoni kila baada ya sentimita 20 hadi 30. Malizia kwa mchanga wa silika, kilo 5 hadi 8 kwa mita ya mraba, ukisugua kwa ufagio mgumu hadi nyuzi zisimame.

Ukiwa na paka, suuza kila wiki. Mkojo haunyonywi na plastiki. Hukaa kwenye mchanga na kunuka.

Kwa nyumba nyingi jibu ni mchanganyiko: plastiki chini ya baraza na upande wa ukuta usiopata jua, ukoka kipande kidogo katikati, na kilichobaki kokoto na mtende.