Aini za urefu mmoja: usipimie kwenye saba

Mteja wa gofu huingia kibandani kwangu, akashika aini 7 (fimbo ya kichwa cha chuma) ya seti ya urefu mmoja, akapiga mipira sita, kisha akanigeukia: "Fundi, hii ni tamu. Nifungie yote." Mimi humwambia airudishe kwanza. Aini 7 ya seti hiyo ina urefu karibu sawa na aini 7 aliyo nayo begini, na uzito wa kichwa haupishani sana. Alichojaribu ni fimbo yake mwenyewe iliyovaa nguo mpya.

Mwongozo huu ni wa mchezaji mwenye handikapu (mapigo ya ziada anayoruhusiwa) ya 10 hadi 20, yule anayepiga 7 na 8 vizuri lakini akishika 5 mpira unatambaa kama kenge. Fimbo za kujaribia unaweza kuzipata kwa mwalimu wa klabu au kwa rafiki.

Kwanza tuelewane. Katika seti ya kawaida, kila namba hupishana na jirani yake kwa nusu inchi: aini 5 ina takriban inchi 38, 7 ina 37, 9 ina 36. Fimbo inavyofupika, kichwa huongezeka uzito, kama gramu 7 kwa kila namba, na mlalo wake, yaani pembe kati ya mpini na ardhi, husimama zaidi. Kwenye urefu mmoja, fimbo zote hupewa urefu wa aini 7 au 6, kichwa cha uzito mmoja na mlalo mmoja. Kinachozitofautisha ni lofti, yaani mwinamo wa uso wa fimbo. Bryson DeChambeau, mchezaji wa kulipwa Mmarekani aliyesomea fizikia chuoni, ameshinda mashindano makubwa ya US Open mwaka 2020 na 2024 akitumia aini za namna hii, zote za inchi 37.5 hivi. Lakini kumbuka kwamba wachezaji wengine wakubwa karibu wote hawakumfuata, na yeye ana kasi ambayo mimi na wewe hatuna.

Hatua ya 1: Jua ugonjwa kabla ya dawa

Nenda uwanja wa mazoezi na fimbo zako za sasa. Chukua 5, 7, 9 na wedji ya pichingi, ile fimbo fupi ya kupaisha mpira karibu na shimo. Nyunyiza poda ya mtoto usoni mwa fimbo, piga, tazama alama, futa, nyunyiza tena. Mipira kumi kwa kila fimbo inatosha. Usihangaike na mpira ulikoangukia, hesabu ulipogusa uso.

Kama alama za 7 zimekusanyika katikati na za 5 zimetawanyika huku na huku, huenda urefu ndio unaokusumbua, na seti hizi zinaweza kukusaidia. Kama zimetawanyika kwenye fimbo zote, pesa hizo mpelekee mwalimu.

Kuna hali ya tatu, na ndiyo inayowaponza wengi. Alama za 5 ziko katikati vizuri, ila mpira haupandi. Hapo huna tatizo la kulenga, una upungufu wa kasi. Aini 5 ya urefu mmoja ni fupi kwa inchi moja kuliko yako. Fimbo ikifupika, kichwa hupungua mwendo, na mpira utaruka chini zaidi ya huo unaoulalamikia. Watengenezaji hujaribu kufidia kwa uso mwembamba unaorusha na uzito uliosogezwa chini. Husaidia, lakini kasi haitoki kwenye chuma. Mtu wa namna hii namwelekeza kwenye haibridi, fimbo yenye kichwa kinene inayopaisha mpira kirahisi, na hatuzungumzi zaidi.

Hatua ya 2: Jaribu ncha mbili za seti

Azima aini 5, 6 na wedji ya pichingi za urefu mmoja. Hiyo 7 iache begini mwa mwenyewe.

Anza na 5 na 6, mipira kumi kumi, ukiangalia umbali ambao mpira unakaa hewani. Toa miwili mibaya kwa kila fimbo. Kama 5 haiizidi 6 kwa mita 8 hivi, utakuwa unabeba fimbo mbili za kazi moja, na sheria inakuruhusu 14 tu.

Sasa pichingi, na hapa tulia. Ya kawaida ina inchi 35 na kitu, hii ina 37. Pigo kamili litakufurahisha: mpira unapaa juu na unakwenda mbali kuliko ulivyozoea. Usinunue kwa furaha hiyo. Piga nusu pigo la mita 50. Kisha sogea kando ya grini, nyasi fupi zenye shimo, upige mpira mdogo wa kuviringika. Utasikia mshikio unakugusa mbavu, au utajikuta umeshika chini karibu na chuma ili fimbo itulie. Hapo ndipo wengi huishia, na hawana kosa: mapigo mengi ya wedji si mapigo kamili.

Neno kwa wanaocheza pwani. Ukicheza kwenye viwanja vya Nyali au Vipingo wakati kusi inavuma, wedji inayopaa kupita kiasi ni mzigo. Na ukipimia Nairobi, kwenye mita zaidi ya 1,600 juu ya usawa wa bahari, mpira hukata hewa nyepesi na kwenda mbali zaidi. Umbali uliopima Karen, Nairobi, hautakufaa Mombasa.

Hatua ya 3: Usikate za zamani

Nimefanya mimi, kwa msumeno wa chuma, tena kwenye seti niliyoipenda. Nilikata 4 na 5 zilingane na 7, nikarefusha pichingi kwa kipande cha mti ndani ya shafti, yaani mpini. Kila nusu inchi unayoondoa hupunguza uzito unaousikia ukizungusha fimbo kwa alama tatu hivi za kipimo cha mafundi, kwa hiyo 5 yangu ilipoteza sita na ikawa nyepesi kama unyoya. Nikabandika utepe wa risasi nyuma ya kichwa mpaka kikaonekana kina jipu. Pichingi nayo ikawa mchi wa kinu. Vichwa vya kawaida vimepimwa kwa ajili ya urefu tofauti. Ukisawazisha urefu peke yake, umevuruga uzito na mlalo kwa pamoja.

Hatua ya 4: Angalia lofti, usiangalie namba

Namba iliyochorwa chini ya fimbo ni jina tu. Pichingi za siku hizi nyingi zina digrii 43 hadi 45. Kama wedji yako ya mchanga ni ya 56, kuna shimo la digrii zaidi ya 10 katikati, na ndilo litakalokutesa kwenye mita 90. Uliza lofti za kila fimbo kabla ya kulipa, zipange kwenye karatasi, na pasipo na kitu tia wedji ya 49 au 50.

Mlalo upime kwa kalamu ya wino: chora mstari wima nyuma ya mpira, piga, soma alama usoni. Ikisimama wima, sawa. Ikiinama, fundi apinde kichwa. Raha ya seti hizi ni kwamba ukijua mlalo wako kwenye moja, umejua kwenye zote. Chuma kilichofuliwa hupindika kirahisi. Cha kumiminwa huweza kukatika, kwa hiyo muulize fundi kwanza.

Hatua ya 5: Mtumba

Wengi wetu tutanunua zilizotumika. Njoo na futi ya fundi cherehani. Simamisha fimbo zote ukutani: vichwa vikiwa chini, ncha za mishikio zote zilingane. Moja ikizidi au kupungua, mtu ameshachokoa. Hakikisha pia zote ni za toleo moja, maana ukipoteza 8 njiani, kuipata moja peke yake ni kazi.

Hatua ya 6: Si lazima uchukue zote

Wateja wangu wengi waliofurahi wameishia na begi mchanganyiko: urefu mmoja kuanzia 6 hadi 9, haibridi mbili badala ya 4 na 5, na wedji za urefu wa kawaida kuanzia pichingi kushuka. Wanaotaka seti nzima ya aina moja hukunja uso wakisikia hivyo. Mimi mwenyewe hubeba hivyo hivyo.

Mpira uweke pale pale katikati kwa fimbo zote hizo nne, na usibadilishe umbali wa kusimama. Wiki tatu za kwanza 9 itakupitisha grini mara kwa mara, kwa sababu ni ndefu kuliko uliyoizoea. Andika umbali mpya kwenye kadi ndogo, mpe kedi wako, anayekubebea begi, aishike, na seti ya zamani usiiuze kabla ya miezi mitatu kwisha.