Somo: chupa nne za kukuonyesha kwa nini mwani haukui kwa maji ya matope

Wengi mnadhani mbolea ikishaingia majini basi mwani lazima ujae. Wapi. Mto Athi unabeba maji machafu ya huku kwetu Nairobi, mbele unaitwa Galana, ukikaribia Malindi ni Sabaki, na mvua ikipiga pale mdomoni pa bahari maji ni kahawia kama chai, chakula cha fitoplanktoni (mwani mdogo mdogo unaoelea majini) kimejaa humo lakini zenyewe zinakonda tu. Shida ni giza.

Jaribu nyumbani. Tafuta maji ya tangi yaliyoanza kuwa kijani (ya Nairobi River achana nayo, utaugua), changanya na ya mfereji yaliyolala wazi siku nzima klorini itoke, jaza chupa nne za soda zisizo na rangi. Ya kwanza iache hivyo. Tatu zilizobaki tia punje moja moja ya DAP (mbolea yenye naitrojeni na fosforasi), halafu moja kati ya hizo funga foili yote, nyingine weka kijiko cha udongo mwekundu. Panga kwa balkoni penye mwanga lakini si jua kali la saa sita.

Hiyo ya udongo ndiyo ilinichezea. Mara ya kwanza niliiweka nikaenda kulala, asubuhi udongo wote uko chini, baada ya wiki ni kijani sawa na ile ya DAP peke yake, nikachanganyikiwa kabisa. Kumbe baharini maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, matope hayapati nafasi ya kutulia. Siku hizi naweka kapampu ka hewa ka akwariamu, kanavuruga usiku na mchana.

Kupima weka gazeti nyuma ya chupa, uone kama herufi zinasomeka. Mtoni hushusha sahani nyeupe kwa kamba mpaka ipotee, mbinu ya padri Angelo Secchi wa Italia, 1865. Mwanga wa kufaa huishia kama mara mbili na nusu ya hapo, kwa hivyo sahani ikipotea sentimita 20, kupita nusu mita ni usiku.

MASWALI

Bro, nina mbolea ya CAN tu, itaweza?
Hiyo ni naitrojeni, fosforasi hamna. Mwani hula atomu kama 16 za naitrojeni kwa 1 ya fosforasi, na DAP nayo imezidi fosforasi, so changanya zote mbili.

Niko Malindi, mbona ukitoka mbele kidogo maji yanageuka kijani?
Chumvi hufanya udongo ushikane mabonge uzame, mwanga unaingia, chakula bado kiko. Hapo ndipo zinakula sherehe.

Nikimaliza naweza kupea kuku hayo maji?
Usijaribu mama, mwani mwingine una sumu. Mimi humwagia maua.