Somo: Namna ya kutoa maoni ya muvi uliyoicheki ili mwenzako ajue kama bando lake liende

Wakuu habari za jioni, wa Ujiji, Mwanga, Gungu na Kibirizi wote nawasalimu. Humu mtu anacheki muvi masaa mawili anakuja na "kali sana" basi, sasa mwenzake aliyejiunga bando la buku ameambulia nini hapo? Twende hatua kwa hatua, mfano nachukua Jane ya 2017, muvi ya matukio ya kweli kuhusu Jane Goodall, mtafiti aliyeishi na sokwe, kwasababu ni habari ya hapa hapa kwetu Kigoma, hifadhi ya Gombe.

HATUA YA 1: Icheki yote bila kurusha mbele.

HATUA YA 2: Sema umecheki ipi. Hii wengi wanairuka na mimi naona ndo kubwa kuliko zote, maana muvi iliyotafsiriwa na DJ sio ile ile yenye sabutaito, DJ anaongea juu ya sauti zao, anawabatiza majina ya kwetu, pale wenyewe wamenyamaza yeye anajaza stori, na tangu enzi za DJ Lufufu, yule mkongwe wa kutafsiri muvi, utamu wenyewe ndo huo, naupenda sana. Ila ukisema steringi anaongea pumba lazima tujue aliyeongea ni steringi au DJ.

HATUA YA 3: Chagua kipande kimoja tu kilichokukamata, utuambie umeona nini, umesikia nini. Mfano kwenye Jane, mwongozaji wake Brett Morgen alitumia video alizopiga mpiga picha Hugo van Lawick miaka ya 60, zaidi ya masaa 100 na zote hazina sauti, kwahiyo sokwe unaowasikia wakipiga kelele, majani, wadudu, vyote vimewekwa baadae, na muziki ni wa Philip Glass. Kilichonikamata mimi ni David Greybeard, yule sokwe wa kidevu cheupe, ndo wa kwanza kumzoea Jane, na kambini alianza kuja kufuata matunda ya mchikichi, mchikichi jamani! Mtu wa Kigoma akisikia hivyo anajua kabisa kwanini alirudi.

HATUA YA 4: Mwisho usiutoboe. Ukishindwa kujizuia andika juu kabisa NATOBOA halafu shuka mistari kadhaa ndo uendelee. Hata kama wote tunajua steringi hafi, muache mtu ahangaike nae.

HATUA YA 5: Malizia na lugha na urefu. Jane ni ya Kiingereza, kama saa moja na nusu, anayesimulia ni Jane mwenyewe.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Katubuka: Mkuu muvi ikiwa mbovu niseme au ninyamaze?
Jibu: Sema kaka, ila tuonyeshe ilikuchosha wapi. Kuna mtu hapo hapo ulipochoka wewe ndo panamfurahisha, mapenzi mengi ngumi kidogo, yeye anaitafuta hiyo hiyo.

Mdau wa Kasulu: Mimi nacheki kibanda umiza, watu kelele mwanzo mwisho, nusu ya maneno sisikii. Maoni yangu yatafaa kweli?
Jibu: Yanafaa tena sana ndugu yangu. Tuambie watu walisimama wapi, walinyamaza wapi, ukumbi mzima ukinyamaza ghafla hicho kipande kina kitu, mimi naenda kukitafuta usiku huo huo.

Dada wa Mwanga: Hiyo Jane nikae na wanangu? Mdogo yuko darasa la kwanza.
Jibu: Dada nusu ya kwanza kaa nao, watafurahi sokwe wakiiba ndizi kambini. Mbele kuna sokwe wanaugua polio na baadae wanauana wenyewe kwa wenyewe, huyo wa darasa la kwanza awe ameshalala.

Dada wa Mwanga: Asante kaka, na mkubwa wa form two?
Jibu: Huyo mkalishe mpaka mwisho, halafu aandike yeye maoni utuletee humu.