SOMO: Jinsi ya kuhesabu na kupima kombe pwani bila vifaa vya bei mbaya (wa Mtwara na Lindi njooni)

Habari zenu wakuu. Huku kwetu ukikaa na akina mama wanaotoka kuokota utasikia kombe (wale wa magamba mawili wanaojizika topeni) wamekwisha, siku hizi ndoo haijai. Inawezekana kweli kabisa, ila peleka hiyo kauli kwa afisa uvuvi atakuuliza wamepungua toka wangapi hadi wangapi, hapo ndo watu wanaishiwa maneno. Naweka namna watafiti wanavofanya, na vijana wa BMU (kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi pwani) ya Mikindani, Sudi au Mchinga wanaiweza bila maabara.

Hatua ya 1: ruhusa na maji
Anzeni serikali ya kijiji na BMU. Walio ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi, ile iliyoanzishwa 2000, kibali ni cha hifadhi, msijifanye wajanja. Siku ni za bamvua, mwezi mwandamo au mpevu na siku mbili tatu baada yake, maji yanakupwa mpaka mwisho mida ya saa nne saa tano asubuhi. Maji mafu, yale yasiyokupwa sana, usijisumbue.

Hatua ya 2: fremu
Bomba la plastiki la nusu inchi na elbo nne, ndani ipatikane sentimita 50 kwa 50. Toboa matundu kwenye bomba maji yaingie, lasivyo linaelea kwenye vidimbwi na kukutoroka. Alafu kamba ya mita 50 yenye fundo kila mita 5, unaitandika toka upande wa mikoko kwenda kwenye maji.

Hatua ya 3: kuweka fremu (hapa ndo kila kitu)
Fremu inawekwa kwenye fundo, basi. Sio pale unapoona kombe wengi, sio pale mama mmoja anakwambia "mwanangu weka hapa wamejaa", unaweka kwenye fundo hata kama ni mchanga mtupu, na ukikuta hamna kitu unaandika sifuri, sifuri nayo ni data. Watu wakishaanza kuchagua wanapata namba tamu ambazo hazina maana yoyote, na mwakani akija mwingine asiyechagua itaonekana kombe wamekufa wakati hamna kilichobadilika zaidi ya mtu aliyeshika fremu.

Chimba kwa vidole kama kina cha kiganja, kwenye nyasi za bahari papasa taratibu maana kombe anajizika nusu, unaona ule mdomo tu wenye nywelenywele za kahawia umeshika tope. Tope lenyewe pitisha kwenye chekeche la mafundi ujenzi, suuza kwa maji ya bahari, wadogo watabaki. Wadogo usiwadharau, nitawaeleza kwa nini.

Hatua ya 4: kupima
Kalipa ya fundi, kile kifaa cha kubana kitu na kusoma milimita, inatosha. Urefu ni ule mrefu kabisa kutoka ncha ya mbele hadi ya nyuma sambamba na bawaba, sio kutoka bawabani kwenda mdomoni, hicho ni kimo. Andika kwa milimita, kisha mrudishe palepale, mdomo juu.

Hatua ya 5: hesabu
Fremu yako ni robo ya mita mraba, kwaiyo wastani wa fremu zote zidisha kwa 4. Tuseme fremu 10 zimetoa kombe 18, wastani 1.8, mara 4 ni 7.2 kwa mita mraba. Alafu wapange kwa saizi kila milimita 5. Wadogo wapo tele ila wakubwa hamna, shuku uokotaji. Wakubwa wapo ila wadogo hawaonekani kila ukirudi, hapo tatizo liko kwenye mbegu, vifaranga vinavyoelea na maji havijatua au vimetua vikafa, hata mkizuia watu kuokota haitaleta nafuu haraka. Ndo maana nasema jumla peke yake haitoshi.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Kilwa: Mkuu, umri si tunahesabu tu mistari kwenye ganda?
Jibu: Bahari za baridi inafanya kazi vizuri, kule Iceland kuna mmoja wa magamba mawili alitolewa 2006 wakaja kumhesabia miaka 507. Huku kwetu joto halipishani sana, mstari unaweza kuja kwa sababu ya kutaga, maji ya mvua za masika au kusumbuliwa tu. Mistari ya juu ya ganda usiiamini peke yake, bora uwatie alama wakiwa hai, uwarudishe, uje uwapime tena.

Dada wa Mikindani: Kombe nikimpasua anatoa damu nyekundu, chaza hatoi. Anaumwa?
Jibu: Haumwi dada. Jamii yake ina himoglobini (ile nyekundu ya damu inayobeba oksijeni) kama sisi, inamsaidia kwenye tope lenye oksijeni kidogo. Wengi wa magamba mawili damu yao haina rangi.

Mdau wa Lindi mjini: Na wale wanaoogelea kwenye video?
Jibu: Skalopu hao. Anafunga ganda kwa nguvu maji yanatoka anaruka, na pembezoni ana macho yanayoweza kufika 200, kila moja lina kioo nyuma badala ya kutegemea lenzi peke yake. Hao fremu haiwafai sana, watakukimbia.

Kaka wa Msimbati: Tukishapima si tunapika?
Jibu: Sampuli zinarudi baharini kaka. Na mnaookota karibu na mitaro ya mji mjue hawa wanachuja maji, kilichomo kinabaki kwao. Kuna sumu za vijimea vidogo vya baharini hata uchemshe vipi hazitoki, Kanada 1987 waliugua zaidi ya watu 100 kwa kome. Mtu akila akaanza kufa ganzi midomo, hospitali moja kwa moja.

Mdau wa Sudi: Turudie baada ya muda gani?
Jibu: Kila mwezi mkiweza, bamvua ileile, mstari uleule, chukueni lokesheni kwa simu ncha zote mbili za kamba. Na anayeshika daftari asiwe ndo anayechimba, vidole vya tope vinafuta kila kitu.